Kila Mtu Aje na Mkono Wake

Wanafunzi wa chuo cha uuguzi walimwita Mama Sindano, naye hakuwahi kukasirika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwendo wa taratibu, na himaya yake ilikuwa chumba cha mazoezi: chumba kirefu kinachonuka spiriti, vitanda vya chuma vimejipanga kama hospitali ya kweli, sinki mbili, na kabati la vioo lenye sindano, pamba na vichupa vya damu. Humo aliwafundisha watoto wa watu kupima presha, kufunga vidonda na kuutafuta mshipa. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Mtu alikuwa bado anakunja uso akingoja kuchomwa, kumbe kazi imekwisha na pamba iko mahali pake.

Waliomjua walimsifu kwa upole. Hapandishi sauti, habishani vikaoni, hana upande. Tuseme ukweli: ule haukuwa upole, ulikuwa woga. Mama Sindano hakuogopa damu, hakuogopa maiti, hakuogopa hata Mkuu wa chuo, ambaye wengine wakimwona wanabadilisha njia. Aliogopa swali moja tu, lile ambalo watu wengine hulijibu huku wanatafuna: "Kwani kwenu hasa ni wapi?"

Kwao kulikuwa ng'ambo ya makaburi ya mji. Watu wa upande ule waliitwa watu wa koleo, kwa kuwa tangu enzi za mababu ndio waliowachimbia kaburi matajiri na maskini wa mji mzima. Mji uliwahitaji lakini haukuwapenda. Ujira wao uliwekwa chini, juu ya jiwe, wauokote wenyewe, maana kupeana mkono na mtu wa koleo ilikuwa kujiitia msiba. Na watu walikuwa na msemo wao, ambao hata wenye digrii waliusema kwa sauti ya chini: mkono unaozika hauponyi. Sasa mtu wa namna hiyo aje akushike mshipa, akuchome sindano! Si afadhali ufe na homa yako.

Baba yake Mama Sindano alikuwa mchimbaji, tena wa kusifiwa. Binti alipokuja kusoma aliliacha jina lake, akatumia la mume wa shangazi aliyeolewa mbali, na alipoolewa akashika la mumewe. Mume huyo, fundi wa pampu za maji, mcheshi wa kuchekesha hata mawe, aliambiwa kwamba mkewe ni yatima. Yatima! Na mzee yuko hai, ana nguvu zake, anachimba. Siku mzee alipokufa kweli, Mama Sindano alimuaga mumewe kwamba anakwenda semina. Mazikoni alisimama nyuma kabisa, kama jirani aliyepita tu, na hakutupa hata konzi ya udongo, kwa kuhofia kurudi na uchafu kwenye kucha. Alilia chooni, kwenye kituo cha mabasi, akanawa uso, akarudi nyumbani kusimulia semina ilivyokuwa.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na pengine angezeeka hivyo, lau chuo hakingempokea yule binti.

Binti alikuja na jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, akaliandika bila kuficha. Jina la watu wa koleo halifichiki. Ukilitaja sokoni, hata muuza chumvi anajua kwenu ni wapi. Kabla juma halijaisha darasa zima lilikwisha kunong'onezana. Hakuna aliyemtukana wala aliyempiga, na kama ungewauliza wangekuapia kwamba hawana neno naye. Walimwachia kiti cha pembeni, wakamwachia na kimya.

Na chuo hicho kilikuwa na desturi moja, kongwe kuliko majengo yake. Katika somo la kuchukua damu, kila mtu aje na mkono wake. Maana yake, kila mwanafunzi ajitafutie mwenzake: wewe unampa wako achome, yeye anakupa wake uchome. Mazoezi ya mwaka mzima huenda hivyo, na mtihani wa mwisho vilevile. Huna mkono, huna mtihani. Huna mtihani, fungasha virago. Hakuna aliyeiona kuwa desturi mbaya, kwa sababu walioitunga wote walikuwa na marafiki.

Yule binti hakupata mkono. Huyu ana kizunguzungu, yule mshipa wake umejificha, wa tatu kakatazwa na mama yake. Basi akawa anafanyia mazoezi mkono wa mpira, ule wa kujifunzia, wenye mrija mwekundu ndani. Akachoma mpira mwaka mzima, na wenzake, vijana hawakosi ufundi wa kuumiza, wakambatiza Mpira.

Mama Sindano aliyaona yote. Angeweza kusema, "Wewe na wewe, shikaneni," na wangeshikana. Lakini kila alipofungua mdomo aliliona swali limekaa mlangoni linamngoja: mbona unamtetea sana, kwani ni wa kwenu? Akaufunga. Alipopita karibu na meza ya Mpira aliharakisha hatua, akarekebisha sindano ya binti kwa ncha ya kalamu badala ya kidole. Darasa likaliona hilo nalo, likajifunza.

Likaja agizo kutoka juu kwamba kila chuo kiwe na Kamati ya Usawa. Mkuu akamwita Mama Sindano ofisini.

"Mwenyekiti utakuwa wewe," alisema. "Kazi hii inataka mtu asiye na upande. Wewe watu wote ni sawa kwako."

"Mkuu, mimi na makamati wapi na wapi..."

"Usikatae baraka. Wapo watu wana mawazo ya kizamani hapa, hasa kuhusu yule binti wa makaburini. Tuwaelimishe."

Mama Sindano alitoka mle akiwa mwenyekiti. Mtoro kapewa kazi ya kuwasaka watoro.

Katibu wa kamati alikuwa Mwalimu wa Lishe, shoga yake wa miaka mingi, aliyechangia naye ofisi, chai na umbea. Mwanamke mwema kwa kweli. Ukiugua ndiye wa kwanza kukuletea uji. Ndiye pia aliyesema siku ile, akiumega mkate wake, "Mimi sina ubaguzi, shoga. Lakini tuambizane ukweli, wewe ungekubali yule mtoto akushike? Mimi mwili ungenisisimka."

"Ndiyo hivyo," alijibu Mama Sindano, akajiongezea chai.

Kamati ikaanza kazi kwa bango. Wanafunzi wapigwe picha wameshikana mikono, Mpira katikati, na chini yake maandishi: Chuo Chetu, Nyumba ya Wote. Mpiga picha akaja na miguu mitatu ya kamera yake, wakapangwa, na hapo mikono ikagoma. Kila mmoja anamsukumia mwenzake nafasi ya kusimama karibu na Mpira. Kiranja wa darasa, kijana mwenye majibu ya kila kitu, ndiye aliyepata ufumbuzi. "Tuvae glavu," alisema. "Itaonyesha utaalamu." Wakavaa wote, wakashikana, wakacheka meno nje. Bango likatundikwa getini. Umoja mzima umevaa mpira hadi kwenye vifundo vya mikono, na katika kamati nzima hakuna aliyeona kasoro. Mama Sindano aliiona, akaipigia kura ya ndiyo.

Mtihani ulipokaribia, Mkuu aliamuru kura ipigwe ili Mpira apate mwenzake. Ikamwangukia kiranja. Kesho yake kiranja alikuja na bendeji mikono yote miwili, tangu kiwiko hadi kiganja. Eti kaanguka bafuni. Mama Sindano alizikagua zile bendeji, na kama mkufunzi hakuweza kukana kwamba zimefungwa vizuri sana.

Ndipo kamati ilipomwita binti mwenyewe. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, sare imepigwa pasi. Wajumbe wakamwangalia kwa huruma ile ya mtu anayemwangalia paka kwenye mvua.

"Mwanangu," alisema Mwalimu wa Lishe, "hatuwezi kumlazimisha mtu atoe damu yake. Hebu fikiri. Huna ndugu hapa chuoni? Jamaa? Mtu yeyote wa kwenu, hata mfanyakazi, akupe mkono siku hiyo?"

Binti aliinua uso. Macho yake yalipita kwa wajumbe mmoja mmoja, yakafika kwa mwenyekiti, yakatua. Mama Sindano alihisi roho imempaa. Anajua, alijiambia. Mungu wangu, huyu mtoto anajua.

"Hakuna," alisema binti. "Sina mtu."

Jioni ile, kabla ya kufunga, Mama Sindano alimkuta katika chumba cha mazoezi akiuosha mkono wa mpira kwa sabuni, taratibu, katikati ya vidole, utadhani unasikia. Alitaka kurudi nyuma. Binti alikwisha kumwona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Halafu, kwa sauti iliyomtoka bila ruhusa, "Mbona uliniangalia vile?"

Binti alifunga bomba. Akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema polepole, "Usiogope, mwalimu. Mama aliniambia kabla sijaja. Alisema mlicheza pamoja. Alisema, 'Yupo mmoja wetu pale, kafika mbali. Ukimwona umwamkie kama mwalimu tu, usije ukamharibia.' Sijamwambia mtu. Sitamwambia."

Mama Sindano alishika ukingo wa sinki. Angepaswa kumkumbatia mtoto yule. Angepaswa hata kumuuliza mama yake hajambo. Badala yake alisema, "Funga dirisha ukitoka," akaondoka, na njiani alitembea kama anayefukuzwa.

Nyumbani mumewe alimtania kwamba anakula kama kuku anayesikiliza kunguru. Hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu moja mbaya, na haifai kumfichia: binti akifeli, ataondoka, na siri itaondoka naye. Hakuwa na haja ya kutenda lolote. Ilitosha akae kimya, kazi aliyoijua kuliko hata ya sindano. Wazo lile likampa nafuu, kisha ile nafuu yenyewe ikamtisha, hofu mpya asiyokuwa nayo kabla. Hii haikuwa ya kujulikana na watu. Alikuwa anamwogopa yule mwanamke aliyekaa mezani kwake, mwenye kijiko mkononi, anayetamani mtoto wa mwenzake aanguke.

"Una nini wewe?" mumewe aliuliza, utani umemtoka.

"Mtihani tu," alisema. "Nawaogopea wanafunzi."

Siku ya mtihani mtahini aliletwa kutoka nje ya chuo, mzee mrefu mwenye miwani, mgeni katika mji ule, asiyejua nani ni wa koleo na nani si wa koleo. Wakufunzi waliketi ukutani, Mkuu katikati yao. Wanafunzi waliingia wawili wawili. Kiranja, ambaye mikono yake ilipona kwa muujiza, alichoma akachomwa, akatoka akitabasamu. Kila jina lilipoitwa Mama Sindano aliomba liwe la mtu mwingine, na mara nyingi lilikuwa la mtu mwingine, hadi majina yakaisha.

Mpira aliingia peke yake. Alikuwa amebeba trei: sindano, pamba, spiriti, mpira wa kufungia, kichupa. Kila kitu kimepangwa kama inavyotakiwa. Akaiweka mezani, akasimama kando ya kiti kitupu.

"Mkono wako uko wapi?" aliuliza mtahini.

"Sina, bwana."

"Huna vipi? Hii si kanuni ya chuo chenu?"

Mkuu alikohoa. Mwalimu wa Lishe akawa anaangalia viatu vyake. Mtahini alitazama huku na huku akingoja mtu amweleze. Mwishowe akainua kalamu. "Basi sina la kufanya. Pole, binti."

Mama Sindano hakujiona akisimama. Aliona tu kwamba yuko katikati ya chumba, na miguu inayompeleka kwenye kile kiti ni yake. Akaketi. Akakunja mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko.

"Achukue wangu," alisema.

Chumba kikapumua. Mkuu akapiga makofi, wengine wakadakia. "Huyo ndiye mwenyekiti!" alisema Mkuu kwa furaha. "Bwana mtahini, huyu ndiye mwenyekiti wa Kamati yetu ya Usawa. Anaongoza kwa mfano!" Mwalimu wa Lishe alimtikisia shoga yake kichwa, kwa hofu na kwa heshima, kama mtu anayemwona mwenzake ameingia kwenye moto kuokoa mbuzi. Na hapo ndipo Mama Sindano alipouona mlango umefunguka, mpana na mzuri. Binti atapata mtihani wake. Yeye atapata sifa. Siri italala palepale. Yote kwa mara moja, na hakuna atakayejua.

Binti alikuwa amekwisha nawa. Akamgeukia mgonjwa wake, akaanza kwa utaratibu, kama muuguzi yeyote anavyoanza kabla hajamgusa mtu.

"Habari za asubuhi. Naomba unitajie jina lako kamili, na la baba."

Jina la mumewe lilikuwa tayari kwenye ulimi, na la yule mume wa shangazi nyuma yake, yamezoea kutoka pamoja. Lakini binti alikuwa ameuliza la baba. Na Mama Sindano akamwona mzee, si akichimba, bali siku ile amelala katika sanda na yeye yuko nyuma ya majirani, mikono safi. Alikwisha kumkana akiwa maiti, mbele ya watu waliomjua. Amkane tena leo, mbele ya mtoto aliyemtunzia siri bure? Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na hakuna ujasiri wowote uliomjia kumsaidia. Mwenye kungoja woga uishe angengoja hadi leo.

Akalitaja. La kwake alilopewa utotoni, la baba yake, na la babu.

Makofi yaliyokuwa yamebaki yakafa. Mtahini hakuelewa lolote, aliandika. Binti alikuwa ameshika kalamu juu ya lebo ya kichupa, haendi wala harudi. Akainama karibu sana, kama anayetafuta mshipa.

"Mwalimu," alinong'ona, "sema lingine. Hawajasikia wote."

"Wamesikia," alisema Mama Sindano. "Andika hilo."

Ukutani kiti kilikwaruza sakafu. Mwalimu wa Lishe alikuwa amesimama. Alimwangalia shoga yake, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyopokea vikombe kutoka kwa mikono ile miaka yote, akatoka bila kufunga mlango. Mkuu alikuwa amekodoa macho kama aliyesomewa hesabu isiyolingana. Kesho yote ilikuwa imeketi pale mbele ya Mama Sindano: ofisi itakayonyamaza akiingia, wanafunzi watakaopatwa na kizunguzungu, na mume, na meza ya jioni, na neno yatima litakalotakiwa kuelezwa. Akaanza kutetemeka. Ulianza mkono, ukafuata mwili mzima, hadi trei ikagonga meza.

"Mgonjwa wako anatetemeka," alisema mtahini, kalamu mkononi. "Unaonaje hali yake?"

"Anaogopa, bwana."

"Ukimchoma hivi utampasua mshipa. Utafanya nini?"

Binti aliirudisha sindano kwenye trei. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, wazi, bila glavu, akaukandamiza kifuani mwa sare yake.

"Nitamngoja," alisema.